Anangisye Mwasandube, Aliyeuogopa Mto Songwe

Marehemu Anangisye Mwasandube alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 huko Njisi, kando ya Mto Songwe. Akiwa mtoto aliona mto ukihama njia wakati wa masika na kuondoka na jiko la mama yake. Tangu hapo aliogopa maji, wala hakuona aibu kulisema.

Alisoma shule ya msingi Ipinda na sekondari Mbeya, akahitimu chuo cha maji Dar es Salaam mwaka 1972. Watu walicheka: mwoga wa maji kuajiriwa idara ya maji! Alijibu kwamba adui huchungwa kwa karibu. Tarehe 9 Agosti 1975 alifunga ndoa na Tusajigwe.

Mwaka 1992, wenzake wakipunguzwa kazini, alichukuliwa na mradi wa kufuatilia matope ya mito kwa picha za setilaiti. Kila baada ya dhoruba aliingia ziwani, unakoishia Songwe, kwa mtumbwi kutoka bandari ya Itungi, asubuhi ileile setilaiti ikipita juu, akachota maji na kushusha sahani nyeupe kwa kamba mpaka ipotee machoni, apime wingi wa tope, ili picha zilinganishwe na maji yenyewe. Aliogopa, lakini alikwenda. Mama Rukaya, mwenye duka Kyela mjini, alimtania, "Shemeji, siku hizi samaki nao unawapakulia?"

Februari mwaka huu zilifika picha za mvua za Desemba. Mkia wa matope ya Songwe ziwani, uliokuwa mmoja miaka yote, sasa ulikuwa umegawanyika kuwa miwili. Mto ulikuwa unakata njia mpya, nyuma ya migomba ya kwao. Aliwasihi ndugu wahame. Kaka yake, mzee Aliko, alimjibu, "Ndaga, ahsante, mdogo wangu. Lakini baba amelala hapa uani. Tumwachie nani?"

Mwezi Machi alinyeshewa ziwani, akashikwa na homa ya mapafu. Akiwa kitandani alimwambia mkewe, "Mama Doreen, usinizike Njisi. Nizike Ipinda, kwenu, ardhi ya juu. Ndugu wakiwa na kaburi huko, huenda watahama." Alifariki tarehe 2 Aprili 1998.

Kwetu mtu huzikwa nyumbani kwake, na wapo walionuna. Hata hivyo leo analala Ipinda, peke yake.

Ameacha mjane, Tusajigwe. Watoto, Doreen na Godlove. Na kaka yake, Aliko. Watoto na kaka bado wanalala Njisi, na mvua haijakatika. Mungu ampe pumziko lisilo na hofu, nasi atupe miguu ya kuhama.