Alama za Panga Mlimani Kapambe

Benchi la stesheni pale Mpanda si benchi ambalo fundi angekubali kuwa ni lake. Ni taruma la reli lililong'olewa zamani, likalazwa juu ya matofali mbele ya kibanda cha kutengeneza simu, na tangu siku hiyo halijakosa mtu. Alasiri ya Julai, jua likishalegea na upepo wa kiangazi ukileta harufu ya nyasi zilizoungua huko Kakese, mama Specioza hutua birika lake la kahawa hapo, na mazungumzo huanza kabla kikombe cha kwanza hakijajaa. Wenye benchi ni wawili, wengine ni wapangaji. Wa kwanza ni mzee Erasmus, anayeitwa Stesheni Masta, ingawa miaka yake thelathini ya reli aliimalizia kwenye ghala la mizigo. Wa pili ni Benedikto, mwenye kibanda, anayeitwa Betri kwa sababu kila ugonjwa wa simu kwake ni betri. Akiibadilisha na simu ikagoma kuwaka, basi mteja ndiye mbovu. Jumatano hiyo, kwenye ncha ya taruma, alikuwa amekaa pia Melkiadi, baba Rosine, mkulima wa mpunga mwenye maneno ya kuhesabika. Alikuwa ameshika kikombe kilichokwishapoa, na waliokuwa wakijadiliwa ni binti yake na mlima.

Agatha aliwasikia tangu ng'ambo ya barabara. Alikuwa amekuja kwa hasira, na hasira yake ilikuwa na mpangilio, maana mwaka wa tatu wa sheria ulimfundisha kupanga hata anachokichukia. Chuoni hakuwahi kushindwa mdahalo. Njia nzima kutoka kwao alikuwa akirudia hoja zake kimoyomoyo, akizikata ncha kama mtu anayechonga penseli.

Aliwaamkia, wakaitikia marahaba kila mmoja kwa wakati wake.

—Betri, sogea, mheshimiwa akae —alisema mzee Erasmus—. Leo Bunge lina mwanasheria.

—Nimekuja kwa baba Rosine —alisema Agatha.

—Baba Rosine ni wa benchi. Ukija kwake umekuja kwetu sote.

Mama Specioza akampa kikombe bila kuulizwa. Melkiadi hakuinua macho. Mfuko wa shati lake ulikuwa umetuna kwa karatasi iliyokunjwa mara nne, na Agatha aliijua karatasi ile: ni fomu ya chuo. Rosine, rafiki yake wa tangu kidato cha kwanza, alikuwa amepata nafasi kwenye chuo cha kusomea kuongoza watalii. Ilibaki saini ya mzazi tu, na treni ya Ijumaa. Baba alikuwa ameahidi kusaini Jumapili baada ya misa. Jumapili ikapita. Sasa ilikuwa Jumatano.

Kilichoiingilia ahadi hiyo ni Kapambe. Kila likizo ya kiangazi marafiki wanne, Agatha, Rosine, Mercy na Denis, hupanda mlima ule wa mawe ulio nyuma ya mashamba ya Kakese. Hupanda bodaboda mpaka barabara inapoishia, kisha dumu la maji, mihogo ya kuchemsha, na miguu. Sehemu ya chini ni msitu wa miti mirefu na majani makavu yanayoteleza kama sabuni. Juu ni mwamba mtupu, na hapo mtu hupanda kwa mikono na magoti, akishika nyufa. Hapo ndipo walipokuwa wakipapenda. Jumamosi iliyopita, katika kutafuta njia mpya ya kupandia, walipotea. Walitarajiwa kushuka saa nane mchana. Walitokea barabarani saa kumi na mbili jioni, Denis akibebwa kwa zamu, kifundo cha mguu kimeteguka, raba zake mpya nyeupe zikiwa na rangi ya matofali. Aliyetangulia mbele wakati wakitokea alikuwa Rosine. Watu waliomwona mbele wakaamua papo hapo kwamba ndiye aliyewapoteza, na kwa Mpanda, jambo likishaamuliwa kituo cha bodaboda, kulirudisha ni kazi.

Benchi lilikuwa na siku nne za kulichambua. Betri alishikilia kwamba kosa ni la simu: Kapambe ina chuma ndani, chuma huvuta dira ya simu, hivyo kaskazini ikahamia kusini na vijana wakafuata kioo badala ya akili. Alipoambiwa kwamba kule juu simu hazikuwa na hata chaji, alisema ndiyo hasa, chuma huanza na kunyonya betri. Mzee Erasmus alimsikiliza kwa huruma, halafu akasema tatizo si simu wala chuma. Tatizo ni kwamba mlima ule unahama.

—Unahama kwenda wapi, mzee? —aliuliza Agatha.

—Kushoto. Nimeutazama miaka thelathini kupitia dirisha la ghala. Mwezi wa tatu uko katikati ya kioo. Mwezi wa nane umeshafika kwenye fremu.

—Labda kiti chako ndicho kilichohama —alisema Betri.

—Kiti cha serikali hakihami.

Wapangaji wa benchi walicheka, hata mama Specioza alitabasamu ndani ya birika lake. Betri hakukubali kupitwa, akasema kama unahama basi una uwazi chini, na sauti huingia upande mmoja na kutokea mwingine, ndiyo maana ukiita mtu huku anakuitikia yule usiyemwita. Mzee Erasmus alifikiri kidogo. Kisha akaacha utani, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Alisema kwa upole, kama mtu anayetoa pole msibani, kwamba amemsikia Mercy akisimulia: mwamba uliowashinda wote, Rosine aliupanda peke yake, peku, bila kuogopa, akasimama juu kabisa. Mtu mzima huogopa pale. Asiyeogopa huwa ameshaitwa na mlima wenyewe, na aliyeitwa hupotea na kuwapoteza wenzake kila aendako. Si kosa lake. Lakini mtu wa namna hiyo hakabidhiwi wageni waliotoka ng'ambo na kamera zao.

—Ameitwa —alisema Melkiadi taratibu. Lilikuwa neno lake la kwanza.

Mkono wake ulipanda ukagusa mfuko wa shati. Melkiadi alizaliwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, wazazi wake wakiwa wametoka Burundi, na karatasi yake ya uraia aliipata akiwa tayari ana watoto. Mtu aliyengoja karatasi muda mrefu namna ile huchunga sana jina lake linapotajwa vijiweni. Binti wa mwingine akipotea mlimani, amepotea. Binti wake akipotea, watauliza ni wa wapi.

Agatha alikiweka kikombe chini, akasimama. Alizungumza kama anavyozungumza chuoni, mkono mmoja ukiwa wazi. Kwanza, alisema, hakuna aliyekufa. Pili, mwamba ule Rosine hakuupanda kwa kuitwa. Aliupanda kwa sababu Denis alikuwa hawezi kutembea na mtu alitakiwa kwenda juu kutazama barabara iko upande gani. Tena hakuupanda kiholela. Kila jiwe aliligonga kwa ngumi kwanza, akasikiliza kama linalia kama debe tupu; lisilolia ndilo alilolishika. Aliposhuka aliwapitisha kwenye mfereji mkavu ambao wengine hawakuwa wameuona. Tatu, angekuwa mvulana, benchi hili hili lingekuwa linamwita shujaa, na lingemnunulia soda.

Betri akapiga makofi.

—Hapo kwenye soda umetupata —alisema.

Mzee Erasmus naye alikiri kwamba msichana anajua kusema. Agatha akageuka kumtazama baba Rosine, akijua ameshinda. Melkiadi alikuwa anamtazama, kwa mara ya kwanza, bila hasira yoyote.

—Umesema vizuri, mwanangu —alisema—. Lakini anayesema vizuri hivi, nitajuaje anaposema kweli? Umeeleza mlivyotoka. Mlivyoingia hujaeleza. Rosine nimemuuliza siku nne, nani aliwapeleka kule. Ananyamaza. Mtoto anayenyamaza ana jambo.

Agatha akakaa. Hakuna aliyegundua kwamba alikaa haraka kuliko alivyosimama.

Wakati huo baiskeli yenye madumu mawili ilisimama mbele ya kibanda. Mwenyewe alikuwa mwanamume mwembamba wa makamo, nguo zake zikinuka moshi, na kwenye madumu nyuki wawili watatu walikuwa bado hawajakubali kwamba asali si yao tena. Alimpa Betri simu isiyoshika chaji. Betri akasema ni betri. Mgeni akasema jina lake Telesphor, akaomba kahawa, na kwa kuwa benchi halimwachi mgeni bila habari, alielezwa yote, mlima unaohama na msichana aliyeitwa.

—Kapambe? —alisema—. Mizinga yangu iko Kapambe. Hao vijana walipitia wapi?

Wote wakamgeukia Agatha. Alieleza kwamba msituni waliona miti iliyokatwa panga kwenye gome, mikato mitatu mitatu, mti baada ya mti, wakaifuata. Ikawazungusha mpaka chini ya mwamba, penye kokoto, na hapo ndipo Denis alipoanguka.

Telesphor alikunywa kahawa yake yote kwanza.

—Ile mikato ni yangu —alisema—. Inasema huu mti una mwenyewe, mwingine asije akatundika mzinga wake. Mrina asali akiiona anapita zake. Haimwelekezi mtu popote.

Aliendelea kueleza, bila kejeli, kwamba mtu akiifuata atatoka mzinga hadi mzinga, atazunguka mpaka achoke, maana mizinga haitundikwi kwa mstari. Hutundikwa penye maua na penye maji. Mzee Erasmus alisogeza koti lake, kama mtu aliyeona mlima ukirudi katikati ya kioo. Betri aliifungua simu ya mgeni kwa umakini usiohitajika.

—Ila njia zipo zenye alama —Telesphor aliendelea—. Alama ya njia inakatwa upande anakotokea mtu, aione usoni. Zangu zinatazama kila upande. Katika hao wanne hakuna hata mmoja aliyeliona hilo?

Mzee Erasmus alitazama reli. Agatha alijua kwamba akinyamaza, itapita. Watasema walikuwa watoto wa mjini, hawajui mambo ya nyuki, basi. Nyumbani, Rosine naye angenyamaza, kama alivyonyamaza siku nne, kwa ajili yake. Na fomu ingebaki mfukoni mpaka treni iondoke.

—Mmoja aliona —alisema.

—Nani?

—Rosine. Alisema hivyo hivyo ulivyosema. Kwamba zinatazama kote, hizi si za njia.

Melkiadi aliinua kichwa.

—Na aliyesema zifuatwe? —aliuliza.

—Mimi.

Ikambidi aseme na yaliyobaki, na kwa mara ya kwanza hakuyapanga. Alikuwa amesimama pale msituni mbele ya wenzake, akawaambia mtu hachongi mti bila sababu, sababu ya kuchonga ni kuonyesha, na kinachoonyeshwa msituni ni njia. Denis alisema hoja hiyo imekaa sawa. Mercy alicheka. Rosine alijaribu mara ya pili, na Agatha akamuuliza ana ushahidi gani. Rosine hakuwa na ushahidi, alikuwa na macho tu. Akanyamaza, akajitwisha dumu la maji, akawafuata. Saa mbili baadaye, Denis akilia chini ya mwamba, ni Rosine aliyevua viatu bila kumwambia mtu "niliwaambia".

Alipomaliza, mikono yake ilikuwa mapajani. Telesphor alimtazama kama mtu anayeuliza bei, bila ubaya.

—Sasa nieleze, dada —alisema—. Aliyeona ni yeye. Mbona walikufuata wewe?

Benchi zima lilingoja. Agatha alifungua mdomo. Majibu matatu yalimjia, yamejipanga, la kwanza, la pili, la tatu, na lolote kati ya hayo lingepigiwa makofi chuoni. Hakulitoa hata moja. Mama Specioza, aliyekuwa akimiminia mtu, aliacha kumimina.

—Sijui —alisema Agatha.

—Na sisi? —alisema mzee Erasmus, sauti yake ikiwa chini, hata haikueleweka anamuuliza nani—. Siku nne tumekaa hapa.

Melkiadi alisimama, akamrudishia mama Specioza kikombe kilichopoa. Alimwendea Agatha, akasimama mbele yake, mtu mfupi mwenye miguu iliyopasuka kwa tope la majaruba.

—Haya uliyosema hapa, unaweza kuyasema nyumbani, yeye akiwa amekaa?

—Naweza, baba.

—Bila kwanza na pili.

—Bila.

Alifikiri kidogo. Kisha akamgeukia Betri, akanyoosha mkono, akaomba kalamu. Betri alitafuta kwenye droo, akatoa moja ya bluu, akaijaribu kwanza kwenye kiganja chake kuona kama inaandika. Melkiadi hakusaini pale. Aliichomeka kalamu mfukoni, kando ya ile fomu, akaanza kuvuka reli kuelekea nyumbani. Agatha akamfuata, hatua chache nyuma, bila kujaribu kumpita.