Bi Hakika na Jumamosi ya Majibu Matatu

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kulitumikia gazeti letu, msahihishaji wa ukurasa wa mafumbo anastaafu rasmi. Kiti chake cha karibu na dirisha kitakuwa wazi kuanzia siku inayofuata, na tusidanganyane, hakuna aliye tayari kukikalia.

Kwenye kitambulisho ana jina lake kamili, lakini hilo analijua mhasibu, na huenda mumewe. Sisi wengine wote, kuanzia mlinzi wa getini mpaka Mhariri Mkuu, tunamwita Bi Hakika. Ukimpelekea habari, kichwa cha habari, hata umbea wa ofisini, swali lake ni lile lile: una hakika, au unabahatisha? Ukianza kujikuna kichwa, umekwisha. Anakurudishia karatasi yako, na wewe unarudi ulikotoka umenywea.

Kamati ya sherehe imeniagiza niandike kama waandikavyo watu wa maana: yeye, yeye, yeye, bila kujitajataja. Nitajitahidi. Ila katikati ya safari yake kuna mahali nimekaa mimi, mpanga kurasa wenu, na hapo sijiondoi hata mkinifukuza.

Aliingia hapa kama mpiga taipu, enzi ambazo chumba cha habari kilikuwa na kelele kuliko karakana. Wanasema alikuwa akipiga taipu huku anasahihisha, jambo lililowaudhi waandishi, maana habari zao zilirudi fupi kuliko walivyoziacha. Mhariri wa wakati huo akaona huyu mtu anapotea bure, akamhamishia usahihishaji. Huko ndiko alikotuokoa na ile tanzia. Ukurasa ulikuwa tayari kwenda mtamboni, picha ya marehemu juu, sifa zake chini. Bi Hakika akauliza nani amethibitisha. Akanyanyua simu, akapiga nyumbani kwa marehemu kutoa pole, na marehemu akapokea mwenyewe. Alikuwa anakula. Hadi leo mzee yule hupiga simu kila mwaka mpya, na huwa anaomba aongee na yule mama aliyemkuta hai.

Sudoku ilipoingia gazetini, hakuna aliyeitaka. Watu wa michezo walisema hiyo ni hesabu, watu wa biashara wakasema huo ni mchezo. Ikazunguka meza kwa meza mpaka ikamfikia yeye, na yeye hakuisukuma kwa mwingine. Aliivuta karibu, akachomoa penseli kwenye kilemba, na kwa kweli hajainua kichwa tangu siku hiyo.

Kwa wale ambao gazeti hulifungulia kwenye mpira na kulifungia hapohapo, nieleze kidogo. Ni mraba wenye vyumba tisa kwenda chini na tisa kwenda kando. Baadhi vimeshajazwa namba, vingine unajaza wewe, kuanzia moja hadi tisa, na namba isijirudie katika mstari wa kulala, katika mstari wa kusimama, wala ndani ya boksi dogo la vyumba tisa. Ni hayo tu. La katikati ya wiki unalimaliza kabla chai haijapoa. La Jumamosi linaweza kukunyima hamu ya chakula.

Kazi ya Bi Hakika ilikuwa kulitatua kila fumbo kwa mkono kabla halijachapwa, kwa akili tupu, bila kubahatisha hata chumba kimoja. Kwake yeye, kubahatisha kulikuwa kama kuiba. Na kwa kuwa mbinu zile ngumu zilitujia na majina yasiyokaa mdomoni, alitutungia ya kwetu. Namba mbili zikiwa na vyumba viwili tu vya kugombea, hao ni mapacha, na wageni wote watoke mle ndani. Namba ikiwa na nafasi mbili tu katika mstari mmoja wa kulala, na nafasi mbili zilezile katika mstari mwingine wa kulala, hayo ni makomeo: mistari miwili ya kusimama inayopita hapo imefungwa, namba hiyo haiingii kwingine. Yakiwa mistari mitatu kwa mitatu, huyo ni samaki upanga. Siku ya kwanza nilipomsikia anasema amepata samaki upanga, nikadhani leo tunakula vizuri.

Halafu kuna mstatili, na hapa naomba mnisikilize, kwa sababu ndipo yote yalipotokea. Tuseme vyumba vinne vimekaa kwenye pembe za mstatili, ndani ya maboksi mawili, na vitatu kati yake vinapokea tatu au nane tu. Basi cha nne hakiwezi kuwa tatu wala nane. Kingekuwa hivyo, tatu na nane zingeweza kubadilishana nafasi bila chochote kuharibika, na fumbo lingekuwa na majibu mawili, wakati fumbo halali lina jibu moja. Kwa hiyo chumba cha nne kina namba nyingine. Ni njia tamu mno, inakurusha hatua nyingi kwa mkupuo mmoja.

Msomaji nyumbani kwake ni ruksa kuitumia, maana gazeti limeshamwahidi kwamba jibu ni moja. Lakini ahadi hiyo tunaitoa sisi. Anayepima kama jibu ni moja hawezi kuanza kwa kusema jibu ni moja. Ndani ya chumba cha usahihishaji, basi, mstatili ulikuwa marufuku kabisa, na aliyeupiga marufuku ni Bi Hakika mwenyewe.

Sasa nijitaje. Nilikuwa mgeni hapa, bado niko kwenye kipindi cha majaribio, mtu mzima mwenye mke na watoto wawili, nimetoka kwenye kiwanda cha uchapaji kilichofunga milango. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimeweka maelezo ya picha ya mgeni rasmi chini ya picha ya fahali bingwa wa maonyesho ya mifugo. Yalisomeka kwamba anatabasamu baada ya kukabidhiwa zawadi. Chumba kizima cha habari kilicheka, mgeni rasmi hakucheka. Nikapewa onyo kwa maandishi: kosa jingine moja, kwaheri.

Jumamosi fumbo likatoka. Jumatatu asubuhi wakaja mapokezi mtu na mkewe, mume fundi saa, mke muuguzi, kila mmoja na gazeti lake kwapani, hawasemeshani. Wote wawili walikuwa wamelimaliza fumbo la Jumamosi bila kosa, ila kwenye vyumba vinne palipokuwa na tatu kwa mume palikuwa na nane kwa mke, na kinyume chake. Walibishana Jumamosi, wakanuniana Jumapili, wakakubaliana jambo moja tu, kwamba jibu la gazeti la Jumatatu ndilo litakaloamua. Gazeti likatoka na jibu jingine kabisa, lisilo la mume wala la mke, lenye namba tano kwenye mojawapo ya zile pembe, na hilo nalo lilikuwa sahihi.

Kwenye magazeti kosa la namna hiyo lina mwenyewe hata kabla ya uchunguzi: mpanga kurasa ameangusha mojawapo ya namba za kuanzia, na fumbo likabaki na majibu zaidi ya moja. Karatasi ya mtungaji wa fumbo nilikuwa nimeshaitupa, kama tulivyozoea kufanya ukurasa ukishaenda mtamboni, na mtungaji hakuweka nakala. Hakuna aliyesema huenda ni Bi Hakika. Nani angethubutu? Mimi mwenyewe niliamini ni mimi. Mtu aliyemfanya fahali mgeni rasmi atashindwaje kuangusha namba? Mhariri Mkuu akasema barua yangu itakuwa tayari jioni. Nikatafuta boksi, nikaanza kuweka vitu vyangu: kikombe, rula, picha ya wanangu. Nilikuwa nawaza nitaanzaje kumwambia mke wangu, na kila nilichokipanga kilikwama kwenye sentensi ya kwanza.

Bi Hakika hakuulizwa kitu. Angeweza kunywa chai yake na siku ikaisha. Badala yake alilichukua lile gazeti la Jumamosi, akajifungia, akaanza fumbo upya. Akawakuta mapacha palepale alipowakuta mara ya kwanza. Akayakuta makomeo palepale. Kama kungekuwa na namba iliyoanguka, njia ingempotea mapema, lakini haikupotea. Aliitambua hatua kwa hatua mpaka kwenye vyumba vinne vya tatu na nane, na hapo, bila mstatili, hapakuwa na pa kwenda. Akakumbuka. Siku ile alipofika hapo alitabasamu, mkono ukaenda wenyewe, akaandika tano. Mbinu aliyotukataza wote ilikuwa imemtoka bila hata kuiona.

Akapanda ngazi kwenda kwa Mhariri Mkuu. Mnaujua mlango ule, hauzuii sauti, tulisikia kila kitu. Bosi alimwambia aache kumwonea huruma mtu wa mafahali. Bi Hakika akajibu kwamba huruma haihusiki, namba zote ziko mahali pake, kijana hakuangusha kitu. Kisha akasema maneno ambayo nayakumbuka kama yalivyo: “Mimi ndiye niliyepita njia ya mkato, na mimi ndiye niliyesema nina hakika.” Mimi nilikuwa nimesimama chini na kikombe mkononi, sijui nikiweke kwenye boksi au mezani.

Barua yangu haikuandikwa. Iliandikwa yake, onyo pekee lililomo katika faili lake lote. Cheo cha Mkuu wa Usahihishaji, ambacho kila mtu alijua ni chake na kilikuwa kinasubiri sahihi tu, kikaenda kwa mwingine na hakikurudi tena. Ndiyo maana kwenye mstari wa kwanza wa wasifu huu hamkuona neno “mkuu”, ingawa vidole viliniwasha kuliandika. Masahihisho kwa wasomaji aliyaandika yeye, mafupi, na mwisho wake ulisema kosa ni la aliyepima, si la aliyepanga. Siku yalipochapwa niliingia chooni nikalia, na ninalisema hilo mbele yenu bila aibu yoyote.

Yule fundi saa na mkewe aliwapelekea fumbo jipya, moja tu, kwenye karatasi moja, ili walimalize pamoja. Lilirudi kwa posta limejazwa kwa miandiko miwili. Kulikuwa na sehemu moja iliyofutwa sana, lakini walikuwa wanaongea.

Fumbo la Jumamosi likaruhusiwa kuendelea kwa sharti kwamba lipimwe na watu wawili, kila mmoja peke yake. Alipoulizwa anamtaka nani awe wa pili, alinionyesha mimi kwa penseli. Ofisi nzima ilicheka, kuna aliyelia kama ng'ombe, nadhani anajijua. Tangu hapo saa yangu ya chakula cha mchana ikawa darasa. Nilijifunza kuandika namba ndogondogo pembeni mwa chumba na kuzifuta moja baada ya nyingine. Nilijifunza kwamba ukikwama usivamie, inuka, kanawe uso, kisha uangalie mahali ulipodhani umemaliza. Nilijifunza kusema sijui bila kuona haya. Hilo la mwisho limenifaa nyumbani kuliko hapa, na mke wangu anamshukuru Bi Hakika kwa herufi kubwa.

Tusimpake sukari kupita kiasi, lakini. Bi Hakika hajawahi kuazimisha kifutio chake kwa mtu yeyote. Feni ya chumba cha usahihishaji ameigeuzia kwake, na sisi tunapata habari zake tu. Mumewe, shemeji yetu fundi cherehani, ametuambia kwamba nyumbani hukaguliwa hata orodha ya sokoni, na kwamba siku moja alimkuta mkewe kwenye harusi ya mpwa wao amegeuza kadi ya mwaliko, anachora vyumba tisa kwa tisa nyuma yake, huku bibi harusi anaingia. Shemeji ameshamwekea meza ndogo kando ya cherehani. Tunamwombea shemeji, maana kuanzia mwezi ujao kila mshono utaulizwa kama una hakika.

Dada yetu, kwa niaba ya chumba cha habari, mtambo, mapokezi, na wasomaji wote wanaokunja gazeti Jumamosi likabaki ukurasa wako peke yake, ahsante. Ahsante kwa makosa uliyoyakamata wala hatukujua, na zaidi kwa lile moja ulilolikubali. Watoto waliokuwa kwenye ile picha sasa ni wakubwa. Walikua baba yao akiwa na kazi, kwa sababu ulipanda zile ngazi. Nenda kapumzike kwa amani na afya, ule kwa wakati, uamke unapotaka, na penseli yako isikose ncha.

Uliomba kuusoma wasifu huu kabla haujachapwa, nami nikakunyima kwa mara ya kwanza maishani. Nyuma ya karatasi hii kuna fumbo nililokutungia mwenyewe, gumu kuliko yote tuliyowahi kupima. Najua utaligeuza kabla hotuba hazijafika nusu. Nimelipima mara mbili, mstatili sikuugusa, na jibu ni moja. Ukikuta kosa, dada, safari hii ni langu, na ngazi nitapanda mwenyewe.