Futi ya Dada Safarmoh

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa Wilaya, wazee wetu, kina mama, wakunga wa hospitali yetu, na zaidi ya wote wewe, Dada Safarmoh, unayeagwa leo kwa pilau na maua baada ya miaka thelathini ya ukunga:

Niliombwa nisifu. Nitasifu. Lakini mimi ni mkutubi, nimesoma hotuba nyingi za kuaga, na sifa zikizidi huwa najiuliza: kuna nini chini ya haya maua?

Miaka kumi na saba iliyopita nilikuwa siku ya kumi na moja ya chilla, zile siku arobaini ambazo mzazi wa kwetu hatoki nje wala hainuki. Mguu wangu wa kushoto ulivimba. Mama mkwe wangu, yule pale mstari wa pili, akasema umeingia baridi, akauzungushia vifuko vya pumba za moto. Siku ya tatu ya pumba hizo akaushika, akashangilia: "Umepata moto! Baridi inatoka!"

Dada Safarmoh akaingia bila kualikwa.

"Wewe tena? Mtoto si ameshatoka?"

"Nimekuja kuona miguu, mama."

"Miguu? Kwani anakwenda kucheza harusini?"

"Akipona atacheza. Ondoa pumba."

Akatoa futi ya fundi cherehani, akapima mguu wa kulia, akapima wa kushoto. Tofauti sentimita nne. Mama mkwe akachota mafuta ya mkia wa kondoo aukande, akadakwa mkono.

"Usiguse! Damu imeganda ndani ya mshipa. Kipande kikikatika kikaenda mapafuni, mtoto huyu utamlea wewe."

Nikabebwa hospitali saa ile ile.

Baadaye alinieleza, nami nikahakikisha vitabuni, maana simwamini mtu, hata yeye. Mimba hulegeza mishipa na kuongeza damu. Tumbo huibana njia ya damu kurudi moyoni, hasa ile ya mguu wa kushoto. Na damu yenyewe huganda upesi. Mtoto akitoka, hatari haitoki naye, hukaa wiki kadhaa. Wiki zipi? Si zile zile tunazomlaza mwanamke kama gogo?

Sasa, Mheshimiwa, nasikia ziara za nyumbani zinastaafu pamoja na Dada Safarmoh, na badala yake mtapiga simu. Simu hiyo ataipokea nani? "Miguu yake ikoje?" "Salama, ina moto kabisa!" Nanyi mtaandika: salama. Karatasi yenu ya majaribio ya simu hizo nimeiona. Wazazi thelathini na mmoja, wote salama, hata Mahinbonu wa mtaa wa kiwanda, ambaye siku mliyompigia alikuwa amelazwa wodini kwenu, kwa mguu. Ni nani aliyewajibu?

Nilimuuliza mama mkwe wangu leo asubuhi, tukivaa viatu. Akamaliza kufunga kiatu chake. Kisha akasema, "Mwambie huyo daktari, siku zile simu ningeipokea mimi. Na ningesema salama."

Dada Safarmoh, asante kwa kutotuamini. Wenzangu, nashukuru kwa masikio yenu. Mheshimiwa, futi yenyewe hii hapa naiweka mbele ya sahani yako, wala si zawadi. Mimi siketi mpaka utuambie kesho asubuhi itashikwa na nani.