Bunduki Nane za Kumzika Halvor

Mheshimiwa Meya, Mchungaji Solveig, Mkuu wa Polisi, Mama Inga Brekke, ndugu wageni waalikwa, na wewe mwenye shughuli, Marlys Tveit, unayenikazia macho tangu asubuhi nisije nikaongopa: nawasalimu kwa niaba ya wazee wa kikosi cha mazishi cha Elbow Creek.

Marlys, mhariri wa gazeti letu, anastaafu leo, na mimi Verlyn nimeombwa nimsifu. Nitamsifu kwa kisa kimoja tu.

Siku moja kabla ya kumzika marehemu Halvor, askari mwenzetu, tulikuwa tukipakia bunduki nane garini nyuma ya kanisa. Jirani mgeni akaona wazee wenye kofia za jeshi wakibeba silaha, akapiga simu polisi. Nani angemlaumu? Polisi wakazichukua. Jioni ile ukurasa wa kwanza ulikuwa tayari: "Shehena ya Silaha za Kivita Yanaswa Kanisani," pamoja na picha ya ile bunduki nyeusi ya kisasa ambayo gazeti letu huitoa kabatini kila bunduki inapotajwa, hata msimu wa kuwinda paa.

Je, habari hiyo ingechapwa, nani angethubutu kuturudishia bunduki? Jeshi lililotuazima bunduki hizo lingezidai, na Halvor angezikwa kimyakimya, bila ile milio mitatu ya heshima ya askari aliyomwomba mkewe, Inga. Niliogopa, ndugu zangu. Niliogopa kweli.

Marlys akamuuliza mwandishi wake, Tanner, "Umeziona?"

"Mama, polisi wenyewe wamesema ni za kivita!"

"Nimekuuliza wewe. Umeziona?"

"Sijaziona."

"Basi vaa koti."

Wakaja kituo cha polisi, nilikokuwa nikizidai bunduki zetu. Marlys akaikamata moja, akaigeuzageuza, akanitazama. "Haya, Verlyn, nieleze. Na usinitungie."

"Ni bunduki za mazishi tu, Marlys."

"Zilitengenezwa kwa ajili ya mazishi?"

"Hapana. Baba yangu alibeba ya namna hii vitani."

"Kwa hiyo ni za kivita."

"Ni za kivita. Ila sasa tunazipigia risasi zisizo na kichwa, za mlio tu, makaburini."

"Si ungesema hivyo tangu mwanzo, mzee msumbufu wewe!"

Polisi wakaturudishia bunduki usiku uleule, na asubuhi gazeti likaandika: "Bunduki za Kivita za Wazee wa Mazishi Zarudishwa." Picha ilikuwa ya bunduki zetu zenyewe, zenye vitako vya mbao vilivyochubuka. Nikampigia simu kulalamika: mbona ameliacha lile neno "kivita"? Akanijibu, "Ulisema mwenyewe," akakata.

Alikuwa na haki. Hakututia chumvi, wala hakutupaka mafuta. Saa chache baadaye tulisimama kwenye theluji, milio mitatu ikalia, na Mama Inga akanishika mkono akasema, "Sasa ameagwa." Sijapata kushusha pumzi kama siku ile.

Marlys, jana nilikupa hotuba hii uisome. Nilikuwa nimeandika neno "shujaa" karibu kila mstari: mimi shujaa, kikosi mashujaa, hata wewe. Umeyafuta yote kwa kalamu yako nyekundu, ukaacha moja tu, nami nalisoma kama ulivyoliacha: Halvor Brekke alikuwa shujaa.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio. Asanteni, na karibuni viazi na nyama kabla havijapoa.