Ng'ombe wa Kwanza Bado ni wa Mama Sulle

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Mama Verediana Sulle, Afisa Mifugo wetu hapa Katesh, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Anaondoka na nyonga mpya ya bandia, na hamu ya josho la kuogeshea ng'ombe ambayo haina dawa.

Alizaliwa Nambis, Mbulu, akaja huku kwetu Hanang akiwa binti wa baridi asiyejua vumbi. Siku ya kwanza joshoni alimgusa ng'ombe wa mbele kwa fimbo, akamwambia akaoge, kama anavyoambiwa mtoto. Wafugaji walicheka mpaka basi. Mwaka ule ndigana, ile homa ya kupe, haikuwagusa ndama wao, na tangu hapo hakuna aliyependa kuogesha mifugo kabla Mama Sulle hajamgusa wa kwanza.

Nyonga ya kwanza ya bandia aliwekewa zamani, baada ya kuanguka na pikipiki akienda kuchanja. Aliporudi kazini aliswaga ndama kwa magongo ya hospitali. Daktari alipopata habari, hakucheka.

Mwaka jana nyonga hiyo ililegea. Februari akapasuliwa tena, ya zamani ikatolewa, ikawekwa nyingine. Safari hii kupona kumekuwa kugumu. Haruhusiwi kuinama, kukunja nne, wala kukalia kigoda chake cha jikoni. Njia ya josho, kwa mawe yake, ndiyo haruhusiwi kabisa. Kila Alhamisi, siku ya kuogesha, alitupigia simu sisi wenzake wa kazini kuuliza ng'ombe gani ametangulia. Alisema mguu unavumilika, Alhamisi ndiyo inayomuuma. Tuliogopa atastaafu bila kugusa ng'ombe tena.

Alhamisi iliyopita Mzee Gidamis, mfugaji wa siku nyingi, aliamua kwamba kama Mama hawezi kufika joshoni, ng'ombe watapita kwake. Akalizungusha kundi zima hadi mlangoni pake. Majirani wanalilia mchicha wao hadi leo. Mama Sulle aliinuka, akanyoosha gongo moja, akamgusa mtamba wa mbele na kumwambia akaoge. Kisha akasimama akitazama vumbi la kundi likishuka joshoni bila yeye, na machozi yakamtoka. Hata sisi tulilia.

Mama Sulle, asante sana. Mungu akupe afya, na maziwa yasikauke nyumbani kwako. Vijana wameanza kuondoa mawe njiani. Mpaka nyonga ikubali, kila Alhamisi ng'ombe watapita kwako kwanza.