Wakata Mawe Wanaomba Maji

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Bodi, pamoja na wote ulioongozana nao: sisi wafanyakazi wa karakana ya mawe tunakusalimu kwa furaha.

MAKARIBISHO

Karibu sana. Sakafu unayoikanyaga imefagiliwa na kunyunyizwa maji tangu alfajiri. Tusikufiche, siku nyingine ungetoka humu mweupe kama mwoka mikate. Viti vimefutwa mara mbili, kaa bila wasiwasi.

TULIKOTOKA

Tulianza na grainda moja ya kukatia mawe, chini ya mabati. Leo kaunta za jikoni tunazokata zinapamba hoteli na nyumba za wenye uwezo. Tumezoea kukata pakavu, kwa sababu maji hufuta mstari wa chaki na kazi huchelewa. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo tulivyofundisha wengine.

Anayeanza kazi hukohoa miezi ya mwanzo. Tunamnywesha maziwa na kumtania. Kikohozi kikikoma, fundi mkuu hutangaza, "Huyu sasa kifua kimekomaa, mpeni mawe magumu," nasi tunapiga makofi. Mgeni rasmi, hapo ndipo tulipokosea, tena kwa moyo mweupe kabisa.

TULICHOJIFUNZA

Mwenzetu mmoja, mng'arishaji tunayemwita Mama Msasa, kifua chake kilikomaa zamani. Mwaka jana alimsindikiza dada yake hospitali, daktari akamshauri naye apigwe picha maadamu yupo. Picha ikaonyesha doa kwenye pafu.

"Daktari, mbona sikohoi? Na sigara sijawahi kuishika."

"Mama, kikohozi kimenyamaza tu. Vumbi bado limo."

Akamfafanulia. Mwili una walinzi tuliozaliwa nao, wasiosubiri kufundishwa. Wakiona uchafu wanaumeza. Vijidudu humeng'enywa, lakini jiwe halimeng'enyeki. Mlinzi hupasuka, huita wenzake, nao humeza vumbi lilelile. Pafu huvimba na kuwaka ndani kwa ndani, miaka nenda miaka rudi. Linajeruhiwa, linajitibu, linajeruhiwa tena, na katika kujitibu huko kusikokwisha chembe hai moja ya pafu inaweza kuharibika na kuanza kukua ovyo. Hiyo ndiyo saratani. Walinzi wenyewe, wakishachanganyikiwa, wanaweza hata kuisaidia ikue.

Mama Msasa alirudi akatueleza yote hayo akiwa amekaa juu ya ndoo. Fundi mkuu alilia mbele yetu.

"Dada yangu, ni mimi niliyekupa mawe magumu."

"Hebu nyamaza, nani alijua? Katafute mpira wa maji."

TUNACHOJIVUNIA

Mpira ulipatikana. Misumeno miwili sasa inakata kwa maji, na mstari tunauchora kwa kalamu ya nta isiyofutika. Kazi haijachelewa hata kidogo. Upande ule tunaonana nyuso, na imebainika kwamba baadhi yetu ni wazee kuliko tulivyodhani.

KINACHOTUSUMBUA

Mashine nyingine zote bado zinakata pakavu, na barakoa zetu ni vitambaa vya kujifungia wenyewe. Lakini kinachotuumiza zaidi ni woga. Mama Msasa aliambiwa na ofisi apumzike, hakuambiwa arudi lini. Tangu hapo, ukimwambia mtu akapige picha anakujibu, "Bora nisijue, nina watoto." Tunaogopa kufukuzwa kuliko tunavyoogopa ugonjwa, na hilo linatuhuzunisha.

TUNACHOOMBA

Tunaomba maji kwenye kila msumeno, feni za kuvuta vumbi nje, barakoa za kweli, na picha ya kifua kwa kila mmoja wetu kila mwaka. Tunaomba neno lako, hapa hapa mbele ya wote, kwamba doa halitamfukuzisha mtu kazi. Na tunaomba mwenzetu arudishwe, awe chumba cha kupimia mawe, mbali na vumbi. Jicho lake kwa mawe hatujaona mfano.

SHUKRANI

Doa lake liliwahiwa. Amekatwa kipande cha pafu, na daktari anasema dalili ni njema. Ndiye huyu anayekusomea risala hii. Sisi ndio tuliomwomba. Akitua katikati ya sentensi usidhani amemaliza, anavuta pumzi. Jibu lako atalisubiri hapo hapo aliposimama.

Mungu akupe afya, akurudishe salama kwa wanao, nasi kwa wetu.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Karakana ya Mawe