Mama Mpira, Aliyepoza Injini za Wenzake

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki wa uwanja wa ndege, watoto wa marehemu wameniomba mimi, baba yao mdogo, niwasomee maisha ya mama yao. Nitayasoma yote, pamoja na jambo moja ambalo hamjawahi kulisikia. Watoto nimeshawaambia, nao wameniruhusu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa seremala wa mabehewa, na mama yake alishona mashuka ya hospitali. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba mpaka anaanza shule alidhani kila nyumba mtu hukagua kiti kwanza kama kina pini, ndipo akae.

Alisoma shule ya msingi ya reli kuanzia 1960 hadi 1967, kisha sekondari miaka minne. Mwaka 1972 alijiunga na chuo cha ufundi kujifunza kushona viti vya magari, mwanamke peke yake katika darasa la watu kumi na wanane. Mkuu wa chuo alimwita ofisini akamshauri ahamie upishi. Akajibu, "Mwalimu, nikipika vibaya watu wataumwa matumbo. Nikishona vibaya watachanika suruali tu. Niache huku huku." Aliachwa, na akamaliza akiwa wa pili.

Alianza kazi kwenye gereji ya mabasi mwaka 1974. Mwaka 1981 alifungua karakana yake nyuma ya kituo cha mafuta: chumba kimoja, meza ndefu, cherehani mbili, na ukuta mzima wa vipande vya ngozi na mpira vilivyotundikwa kwenye misumari.

Tarehe 6 Agosti 1977 alifunga ndoa na kaka yangu, mwalimu wa hisabati, na wakajaliwa binti na mtoto wa kiume. Kaka alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa, nao ni ndege. Kwa miaka tisa, kila Jumamosi, alikuwa kwenye banda la uwanja mdogo wa ndege akiunda ndege ya viti viwili kwa mikono yake. Shemeji alishona viti vyake. Ndiye pia aliyekata mipira ya injini, na hapo inabidi nieleze kidogo.

Injini za ndege hizi hazipozwi kwa maji kama za magari. Hupozwa kwa hewa. Hewa huingilia matundu ya mbele, hujaa juu ya injini, halafu inatakiwa ishuke katikati ya silinda na kutokea chini. Ili isitoroke, injini huzungushiwa bati, na mwanya kati ya bati na boneti huzibwa kwa ukanda wa mpira. Ukanda ukiinamia ndani, hewa yenyewe huusukuma ubane. Ukiinamia nje, hewa huufungua kama pazia na kwenda zake, na silinda zinabaki kuungua.

Tarehe 9 Mei 1998, saa tatu asubuhi, kaka alirusha ndege ile kwa mara ya nne. Ilipokuwa ikipanda, injini ilipata moto kupita kiasi ikapoteza nguvu. Ilianguka kwenye miti baada ya mwisho wa uwanja, na kaka alifariki papo hapo. Wachunguzi waliandika kwamba injini ilizidiwa na joto. Sababu hawakuiandika.

Siku tuliyomzika, nilisimama mlangoni kwa mama yetu nikasema kwa sauti, shemeji akiwa hatua tatu kutoka kwangu, "Mipira ile aliikata yeye." Baada ya hapo watu wa ukoo wetu waliacha kukanyaga kwake. Wateja nao walianza kupungua. Shemeji aliwavalisha watoto sare, wakaenda shule, naye akaenda karakana.

Miezi mitano baadaye aliomba apewe boneti na bati za injini, pamoja na mipira yake, kutoka kwenye mabaki. Aliziweka juu ya meza yake ndefu, akazikagua kwa wiki mbili. Halafu akaja kwangu, peke yake, saa kumi jioni. Hakutaka kukaa.

"Shemeji," alisema, "ule upande wa kushoto uliufunga wewe?"

Ni kweli, niliufunga mimi. Kaka alikuwa anasahihisha mitihani wiki ile ya mwisho kabla ya ajali, akaniomba nimsaidie.

"Mimi," nikasema.

"Uliufunga umeinamia nje. Alama ziko kwenye mpira, umesuguliwa upande usiotakiwa."

Nilikaa chini, pale pale kwenye ngazi. Nilikumbuka jinsi nilivyoushika ukanda ule, nikaugeuza mara mbili mkononi, nikabahatisha.

Akaendelea, "Hukuwa na namna ya kujua. Niliukata mimi, pande zote mbili zinafanana, na sikuweka alama. Kwa hiyo tuko wawili."

Nikamuuliza kama atawaambia watu.

"Nitawaambia mpira uligeuzwa," alisema. "Aliyeugeuza hawamhitaji. Wanachohitaji ni kujua namna ya kutougeuza."

Alifanya hivyo hivyo. Alikwenda uwanjani siku ya mkutano wa marubani, akawaonyesha ukanda ule, akasema, "Huu niliukata mimi bila alama, na mume wangu amekufa." Alibeba lawama yote mbele za watu, nami nilikuwa nimekaa mstari wa nyuma, kimya. Nilikaa kimya miaka ishirini na mitano.

Tangu siku ile kila mpira uliotoka kwake ulikuwa na mshono wa uzi mweupe upande mmoja, na maagizo yake yalikuwa maneno matatu: mweupe utazame hewa. Marubani wakampa jina la Mama Mpira, hata wageni wakadhani ni shabiki wa kandanda. Alijifunza kupima nguvu ya hewa kwa bomba jembamba la plastiki lenye maji, lililofungwa kwenye ubao. Mwaka 2004 alipanda ndege kwa mara ya kwanza ili ausome ubao huo mwenyewe. Alitapika mara mbili, na vipimo vyote kumi na vinne aliviandika.

Daktari mmoja mstaafu, ambaye yuko nasi hapa, alimletea ndege iliyokuwa ikichemka. Alikuwa ametanua matundu ya mbele mara mbili, na joto likazidi. Mama Mpira alilala chali chini ya injini, akachungulia mahali hewa inapotokea.

"Daktari," akasema, "umefungua mlango wa mbele wageni waingie, na wa nyuma umeuegemezea kabati."

Walitanua njia ya kutokea, wakaziba nyufa za bati, na silinda iliyokuwa ikifika digrii 246 ikashuka hadi 207. Ndege alizozishughulikia ni sitini na moja. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyoanguka kwa joto.

Mwaka 2020 mikono yake ilianza kutetemeka. Madaktari walisema ni ugonjwa wa ubongo usio na tiba, wa kutulizwa tu. Mkasi akamkabidhi binti yake, akabaki akikaa mezani na kukagua mishono kwa vidole. Mwaka jana nilimwambia nimechoka kunyamaza, nataka kusema ukweli mbele ya ukoo.

"Ngoja nisiwepo," alisema. "Nikiwepo nitakutetea, na hutamaliza."

Tarehe 2 mwezi huu alilazwa kwa homa ya mapafu. Alifariki Alhamisi tarehe 8, saa kumi na moja alfajiri, binti yake akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini.

Kwa hiyo leo nasema. Upande wa kushoto niliufunga mimi. Mwanamke huyu alijua, akala na mimi meza moja, akanialika harusi za watoto wake, akanitumia salamu kila nilipougua, wala hakunikumbusha hata siku moja. Mlioacha kwenda kwake kwa sababu ya maneno yangu, kosa si lenu. Ni langu.

Ameacha binti mmoja, mwana mmoja, mkwe wa kike na mkwe wa kiume, wajukuu watano, dada yake mkubwa, na shemeji mmoja, ambaye angempigia magoti akiwa hai kama angekubali kupigiwa.

Apumzike kwa amani, shemeji yangu. Yeye alitusamehe kwanza, kabla hatujamwomba.